Kadi ya Kanzu Iliyobana

Mjukuu wa dada yangu anakaa nami hapa Amerat, nje kidogo ya Maskati. Amemaliza chuo mwaka huu, amepata kazi ya kuchora matangazo ya duka la nguo, na kila akirudi kutoka mjini huja sebuleni na kompyuta yake akanionesha tangazo moja kwa rangi tisa.

"Bibi, watu watafahamu?"

Namwambia watafahamu.

"Na wakifahamu vibaya?"

Namwambia hawatafahamu vibaya.

"Bibi, wewe unanipendelea."

Juzi alifikiria tangazo la soksi kwa siku nne. Soksi.

Simcheki sana, kwa sababu mimi nilikuwa hivyo hivyo, tena kumshinda. Naweza kukaa asubuhi nzima nikijiuliza kama masharubu ya mtu katika picha yaelekee juu au chini. Yakielekea chini watu watadhani ana huzuni, na mtu mwenye huzuni nani atamfuata dukani? Basi haya nayaandika kwa ajili yake na wenzake wote waliotoka vyuoni na vyeti vizuri na matumbo yanayowauma. Kazi hii nimeifanya mpaka macho yakachoka. Mkono bado mzima. Nnaijua, na nitawaambieni ninavyoijua.

Kadi zetu zilikuwa na ukubwa wa kiganja. Karatasi nene, upande mmoja picha ya kuchekesha yenye maneno mawili matatu, upande wa pili jina la duka na mistari mitupu. Mistari hiyo ndiyo ilikuwa akili ya kazi nzima. Fundi alimpima mteja, akaandika vipimo vyake pale kwa penseli: shingo, bega, mkono, urefu. Mteja akaondoka na vipimo vya mwili wake mfukoni. Nani atakayetupa kadi yenye mwili wake? Waliziweka nyuma ya vioo, ndani ya pochi, chini ya godoro. Mwaka unaofuata mtu anarudi nayo, imechakaa, anasema, "Nishonee kama hii, bega tu ongeza." Picha imekaa nyumbani kwake mwaka mzima na watoto wameicheka mpaka wameichoka. Ninyi mnafurahi mtu akilitazama tangazo kwa sekunde tatu.

Fikra hiyo haikuwa yangu. Ilikuwa ya Ami Hilal, ndugu yake baba, aliyekuwa na duka la kanzu, makoti na mashali ndani ya soko la Matrah, bandarini Maskati. Alipotoka Unguja alitoka na vitu vichache, na kimojawapo kilikuwa kadi ya zamani ya duka moja la nguo la kule, imechorwa bwana mmoja anakimbizwa na mbwa aliyemng'ata suruali, naye bwana anacheka kwa kuwa suruali haichaniki. Kila akiitazama alicheka upya. Alikuwa anataka mtu wa kumchorea zake.

Mimi nilikuwa nimetoka Cairo na shahada ya uchoraji na khofu ya kila kitu. Wenzangu waliosoma walikuwa wakifika Maskati na kuingia wizarani wiki hiyo hiyo, maana nchi ilikuwa inawataka watu wa kalamu. Baba alishanitafutia meza ya kupiga taipu. Nikasema nataka kuchora. Baba si mtu wa kelele. Akasema, "Mwaka mmoja kwa ami yako. Kadi zisipokwenda, meza inakungoja." Kwa hiyo niliingia dukani kwa Ami Hilal nikijua kwamba kila kadi ninayochora ama inaniweka pale au inanisogeza kwenye ile meza.

Mtu aliyenifundisha kazi hakuwa mchoraji. Alikuwa fundi wa duka, Usta Karam, Mhindi aliyeshona Unguja miaka mingi kabla ya kuja Matrah, na Kiswahili chake kilikuwa na matusi mazuri kuliko changu. Kadi yangu ya kwanza nilimchora bwana ndani ya kanzu, dishdasha kama wanavyosema wenyeji, na shingoni nikamning'inizia kile kishada cha uzi ambacho watu hapa hukichovya manukato. Nikakichora kirefu, katikati ya kifua, kimenyooka. Nilijivunia kishada kile.

Usta Karam akakitazama. "Huyu bwana mgeni?"

"Hapana, wa hapa Matrah."

"Basi kapotea. Amevaa cha nchi ya jirani. Cha hapa kifupi, na kinakaa pembeni kidogo. Ukitoa kadi hii, Ami yako auze nguo huko huko kwa jirani."

Tangu siku hiyo sikuchora nguo kutoka kichwani. Usta Karam alinikalisha kwenye kigoda karibu na cherehani yake na kuniambia nitazame. Nguo haikunjiki popote inapotaka, alisema. Inakunjika pale mwili unapoivuta. Ukitaka kujua mtu amebanwa wapi, usitazame tumbo, tazama kwapa. Mikunjo ikitoka kwapani kama miale, kanzu ndogo. Ikilala chini ya shingo kama tabasamu, bega limepitiliza. Kanuni hizo mbili tu zinatosha kumchora mtu yeyote aliyevaa kitu chochote, na chuo changu hakikunifundisha hata moja.

Mambo mengine niliyapata kwa kuumia. Mchapishaji wetu alikuwa na rangi mbili, nyeusi na nyekundu, na nyekundu ilipita mashineni mara ya pili, ikakaa inapotaka. Shali jekundu nililomvalisha bwana begani lilitoka limeelea hewani kando yake. Nilikonda kwa shali lile. Halafu nikafahamu: usipigane na mashine, ipe nafasi. Toka hapo chochote chekundu nilikichora kikiwa mbali na mwili, kofia inayopeperuka, kilemba kinachofunguka, na watu wakasema yule binti wa dukani kwa Hilal anajua kuchora upepo. Sikuwasahihisha.

Na nyuso sikuchora. Nilimgeuza mtu, au nikamfunika kwa mkono wake mwenyewe. Nilijiambia kwamba mtu asiye na uso ni kila mtu, na hakuna atakayesema umenichora mimi. Nililifikiria jambo hilo wiki nzima, nikaona nimeziba kila mlango. Hapo ndipo nilipoingia kwenye kosa langu kubwa.

Alikuwapo mteja akiitwa Bwana Khalfan. Alikaa Unguja miaka kumi na saba akifanya biashara ya karafuu, akarudi mikono mitupu kama sisi sote, akaanza upya Matrah na akafanikiwa. Mwanawe wa kwanza anaoa. Alikuja dukani na vitambaa vyake mwenyewe, vya yeye, wanawe na wakwe, nguo za arusi nzima, na Ami Hilal siku hiyo alitembea dukani kama aliyevaa viatu vipya.

Bwana Khalfan mwenyewe alivaa kanzu ambayo sijapata kuona mfano wake. Ilikuwa safi, imepigwa pasi, na ilikuwa ndogo. Ilimshika kama ganda la embe linavyoshika embe. Mikono haikushuka ubavuni, ilikaa mbali na mwili kama ya mtu aliyebeba ndoo mbili. Usta Karam alipotaka kumpima alimwomba ainue mikono, Bwana Khalfan akaiinua mpaka usawa wa kifua, ikagoma. Miale ya kwapani, wanangu, ilikuwa kama jua. Usta Karam akapapasa ubavuni kwa vidole, akamwambia jambo. Bwana Khalfan akajibu kwa sauti ya chini. Mimi nilikuwa kwenye kigoda na penseli yangu, nashughulika na kwapa.

Kadi ilitoka baada ya siku kumi. Mtu amegeuka, uso hauonekani hata sikio, mikono imetanuka, kikombe cha kahawa kiko mbele yake na mkono haukifikii. Chini, kwa Kiarabu na Kiswahili: *Usijibane. Njoo tukupime.* Soko zima lilicheka. Walikuwapo watu walionunua shali ili wapate kadi. Ami Hilal alimpelekea baba moja nyumbani. Nami nikaanza kuamini kwamba meza ya wizarani itapata mtu mwingine.

Halafu akaja Bwana Khalfan. Safari hii amevaa kanzu nyingine, ya kawaida. Akaiweka kadi juu ya kaunta, akaomba vitambaa vyake, vilivyokatwa na visivyokatwa. Ami Hilal akamwuliza kuna nini. Akasema, "Hakuna kitu, Hilal. Mungu akubariki." Akavifunga mwenyewe, akatoka.

Ami Hilal akaigeuzageuza ile kadi. "Umemchora Khalfan?"

"Sikumchora uso, Ami."

"Sikukuuliza uso."

Usta Karam akainuka kwenye cherehani, akaja, akaweka kidole juu ya picha, shingoni pa yule bwana. Kishada. Nilikuwa nimekichora kama nilivyokiona, kwa sababu yeye ndiye aliyenifundisha kuchora ninachokiona: kifupi, pembeni, cha nyuzi tatu zilizosokotwa, mbili nyeupe na moja nyeusi. Hakuna kanzu nyingine Matrah yenye kishada hicho. Mtu huyo huivaa kila Ijumaa. Msikiti mzima unaijua.

"Bora ungemchora uso," Usta Karam akasema. "Nyuso zinafanana."

Ami Hilal hakunifokea. Aliingia nyuma, akakaa, akatoka. "Zuwena, mwanangu, sikiliza. Sitoi kadi nyingine mpaka Khalfan arudi kwa miguu yake. Asiporudi, basi. Duka hili lina watu wanaonijua, siwezi kuwa nawacheka halafu nawauzia."

Kadi zilikuwa zimekwisha kusambazwa, kila moja ina vipimo vya mtu nyuma yake, haikuwezekana kuzikusanya. Nilikaa siku tatu nikitunga maneno ya kuomba radhi. Nilishakata shauri kwamba lililomuudhi ni tumbo, maana tumbo nililichora kwa moyo wote, na hotuba yangu nikaijenga juu ya tumbo. Ilikuwa na sehemu nne.

Ami Hilal aliisikiliza sehemu ya kwanza akaniambia inatosha. "Usiende kwa Khalfan. Atakupa tende na atasema hakuna kitu, kama alivyoniambia mimi. Nenda kwa mkewe, Bi Zayana. Ni mtu wa milimani huko ndani, hajapata kutoka nchi hii, ana desturi zake. Ukipewa kahawa usinywe. Weka kikombe chini mbele yako. Atakuuliza kulikoni, sema nna haja. Akikwambia kunywa, haja yako imekubaliwa, hapo ndipo unywe. Ukishakunywa kabla, basi umejia kahawa."

Nyumba yao ilikuwa nyuma ya soko, juu ya ngazi ndefu za mawe. Nilizipanda nikikariri. Bi Zayana alinipokea mwenyewe, mwanamke mfupi, mkavu, vidole vyeusi kwa hina ya juzi. Alinikalisha kwenye mkeka. Nikaanza salamu kwa Kiarabu cha Cairo, ndicho nilichokuwa nacho. Yeye ana cha kwao. Maneno yetu nayaandika hapa kwa Kiswahili.

"Wasema kama watu wa redioni," akasema. "Endelea, napenda."

Akanimiminia kahawa. Nami kichwani nilikuwa sehemu ya pili ya hotuba, pale ninapoeleza kwamba tumbo la picha si tumbo la mtu, na mkono wangu ukafanya kama ufanyavyo mkono wa mtu aliyelelewa Unguja akipewa kikombe. Nikanywa. Nikamaliza.

Nikakitazama kikombe. Naye akakitazama.

"Hilal hakukufundisha?"

"Alinifundisha."

"Basi umejia kahawa."

"Hapana, Bi Zayana. Nna haja."

"Wenye haja hawanywi." Akajaza tena. Nikakiweka chini upesi, mbele yangu, sawasawa kama nilivyoambiwa. Akatikisa kichwa. "Cha pili hakina maana. Kunywa, kitapoa."

Nikanywa. Na kwa kuwa nilisahau pia kukitikisa kikombe, ambayo ndiyo alama ya kusema nimetosheka, akajaza cha tatu, na cha nne. Alikuwa anajua. Nilimwona mdomoni kwamba anajua. Cha tano kilinitoa jasho, nikaacha hotuba yote, sehemu zake nne, na kusema tu, "Mimi ndiye niliyechora ile kadi. Nimekuja kwa ajili ya tumbo."

"Tumbo lipi?"

"La Bwana Khalfan."

"Analo," Bi Zayana akasema. "Nani aliyekasirikia tumbo?"

Swali hilo halikuwamo katika sehemu zangu nne. Akainuka, akafungua sanduku, akaitoa ile kanzu, akaiweka magotini pangu.

"Hii nimeishona mimi. Kwa mkono. Alipokwenda huko kwenu alikuwa kijana, mwembamba kama ufito. Mwaka wa kumi na saba ikaja khabari kwamba anarudi, yu hai. Nikakata kitambaa. Nilikuwa na vipimo gani? Nilikuwa na vya yule aliyeondoka. Uzi mweupe ukanimalizikia kwenye kishada, nikatia mweusi, meli haingojei. Akaja. Huko sijui alikuwa akila kwa nani, alikuwa amenenepa. Akaivaa hapo hapo mlangoni, mbele ya watu. Nikasikia inalia. Nikamwuliza, ikoje? Akasema, imenienea."

Akakinyoosha kishada kwa kidole.

"Amesema imenienea. Miaka yote hii kila Ijumaa imenienea. Sasa wewe umeliambia soko zima kwamba haikumwenea. Wameniambia wanawake kisimani, wakicheka. Mimi ndiye niliyemwambia asiivae tena."

Niliishika ile nguo. Sina la kujisifu hapa isipokuwa hili: vidole vyangu vilikuwa vimekaa mwaka karibu na cherehani ya Usta Karam. Vilikwenda ubavuni peke yao. Mshono ulikuwa mnene. Nikaigeuza ndani nje. Kulikuwa na kitambaa kimekunjwa ndani ya mshono, upana wa vidole vitatu kila upande, kuanzia kwapa mpaka pindo, na mikononi pia.

"Umeacha nafasi," nikasema.

"Sikujua atarudi na mwili gani." Alisema kama anayeeleza kitu cha kawaida. "Nilijua ataniomba niifumue. Hakuomba. Akisema imenienea, mimi nianzeje kufumua? Nitakuwa namwambia mume wangu mwongo."

Hapo ndipo masikio yangu yalipofanya kazi, kwa kuchelewa. Nikakumbuka siku ile dukani, Usta Karam anapapasa ubavu huo huo. Nilikuwa nimeyasikia maneno yote, ila nilikuwa na kwapa la kuchora, nikayaacha yapite.

"Bi Zayana, fundi wetu alimwambia, bwana, humu ndani kuna kitambaa, nikupanulie sasa hivi? Yeye akajibu, usiiguse. Akasema, aliyeishona ndiye atakayeifumua. Fundi akamwambia, basi mwambie. Akasema, nitamwambiaje? Nikimwambia inabana, nitakuwa nimemwambia alinisahau."

Bi Zayana alichukua kanzu kutoka magotini pangu. Akaitazama ndani, akaitazama nje. Akachukua na kikombe changu.

"Nenda kwenu," akasema. "Nna kazi."

"Na kadi?"

"Zirudishe."

"Haziwezi kurudi. Ziko katika nyumba za watu."

"Basi toa nyingine juu yake. Si kazi yako?"

Nilishuka ngazi zile bila kujua kama nimekubaliwa au nimefukuzwa. Ami Hilal aliponiuliza alisemaje nilimwambia alisema ana kazi. Akauliza kama nilikunywa kahawa. Nikasema vikombe vitano. Akafunika uso kwa mkono kama mabwana wangu wa kwenye picha.

Lakini nilirudi na jambo moja ambalo halijaniacha, na ndilo ningependa mlichukue. Siku ile nilikuwa natazama kwa macho yote mawili na sikuwa nasikiliza. Mchoraji wa nguo anadhani kazi yake ni jicho. Nguo ni ya mtu, na mtu anasema. Kila kadi niliyochora baada ya hapo niliichora baada ya kuuliza, kanzu hii umeipata wapi? Watu hupenda mno kuulizwa hivyo, na nusu ya vichekesho vyangu vyote vimetoka katika majibu.

La pili ni hili: katika kadi, lichekwe duka, si mteja. Nililijua nikiwa bado kwenye ngazi. Nikachora siku hiyo hiyo, haraka, bila kujiuliza masharubu yaelekee wapi. Bwana amesimama wima, amegeuka, amejikumbatia kanzu yake kwa mikono miwili. Nyuma yake Usta Karam yuko magotini na mkasi mkubwa kuliko kichwa chake. Nyuma ya Usta Karam, Ami Hilal anamvuta mguu amwache bwana wa watu. Chini: *Tunafumua na kushona kila nguo. Isipokuwa hii.*

Ami Hilal akaishika kwa mbali. "Duka gani linatangaza kwamba limeshindwa?"

"Duka linaloaminiwa, Ami. Mtu akiona tunajua nguo ya kutoigusa, atatuletea zile za kugusa."

"Hayo umesoma Cairo?"

"Hapana. Nimeyajua leo."

"Mgongo wangu umeufanya wa ngamia," Usta Karam akasema nyuma yetu.

"Ni wako, Usta. Umeutengeneza mwenyewe kwa kukaa."

"Mimi nauliza tu. Na mkasi huo ni wa kukatia mabati?"

Ami Hilal alicheka, akajizuia, akaitia kadi kwenye mtoto wa meza na kufunga. Kucheka hakukuwa ruhusa. Neno lake lilikuwa lile lile, mpaka Khalfan arudi kwa miguu yake. Baba naye alishaanza kuniuliza kama kasi yangu ya taipu imekwisha kabisa au imebaki kidogo. Ijumaa ya kwanza Bwana Khalfan hakupita sokoni. Ya pili alipita na ile kanzu nyingine, ya kawaida, akatusalimu kwa mbali. Mimi nikahesabu kimoyomoyo kitambaa cha vidole vitatu kila upande, mikono, mabega, kushona kwa mkono, mtu mmoja mwenye nyumba na arusi. Nikajiambia si kazi ya wiki mbili. Au ni kazi ya siku moja na hataki kuifanya. Mnajua jinsi kichwa kinavyokwenda.

Ijumaa ya tatu tulikuwa tunafunga milango kwa ajili ya sala. Ami Hilal nje na ufunguo, Usta Karam anafunika cherehani, mimi nakusanya penseli. Bwana Khalfan akatokea kwenye uchochoro, kavaa kanzu yake. Ubavuni, kutoka kwapa mpaka chini, palikuwa na utepe mweupe kuliko nguo nyingine yote, kitambaa kilichokaa gizani miaka kadha wa kadha bila kuona jua wala sabuni. Kila mtu aliyekuwa njiani aliuona. Hakuuficha.

Alifika mbele ya duka akasimama. Akainua mikono yote miwili juu ya kichwa, mpaka juu kabisa, kama mtu anayesubiri kupimwa, akageuka mara moja taratibu ili tuone na nyuma. Kisha akaishusha, akaiweka kofia yake vizuri.

"Vitambaa nitawaletea kesho, Hilal," akasema. "Arusi imekaribia." Akaenda zake msikitini.

Ami Hilal akafungua tena duka, akaenda kwenye mtoto wa meza, akanipa kadi. "Peleka kwa mchapishaji. Mia tano." Akafikiri. "Elfu."

Usta Karam alikuwa bado mlangoni, anamtazama Bwana Khalfan anavyokwenda, jicho moja amelifumba kama afanyavyo akipima.

"Bega la kushoto bado limevuta," akasema.

"Basi mkimbilie umwambie," nikamwambia.

Akanitazama kana kwamba nimemwambia ajitupe baharini. "Nimwambie mimi?" akasema, akaizima taa. "Imemwenea."